Kamera ya gari yenye macho mawili, baada ya miezi minane barabarani Grand Rapids

Kamera hii niliinunua dola 139, Mei 2025, siku chache baada ya kesi ya polisi Christopher Schurr, aliyemuua Patrick Lyoya hapa mjini kwetu, kuvunjika bila uamuzi. Naanza na hilo kwa sababu anayetafuta kamera ya gari kwa ajili ya ajali na bima ataona nalalamikia mambo yasiyomhusu. Mimi sikuinunua kwa ajili ya bima. Niliinunua kwa sababu mwanangu wa kwanza ana miaka 17, ameshampita baba yake kwa urefu, ni mweusi kama mimi, na anaendesha gari langu usiku akitoka kazini.

Kwa Mkongo yeyote wa hapa Grand Rapids, Michigan, jina la Patrick Lyoya halihitaji maelezo. Kwa wewe unayesoma ukiwa Kigoma, Bujumbura au Nairobi, nitaeleza kidogo. Jumatatu ya 4 Aprili 2022, saa mbili asubuhi na dakika zake, Schurr alisimamisha gari la Patrick kwenye mtaa wa Nelson, upande wa kusini-mashariki wa mji, kwa sababu namba zilizofungwa hazikuwa za gari lile. Patrick alikuwa na miaka 26, mtoto wa kwanza kwa wazazi wake, naye mwenyewe baba wa mabinti wawili. Familia yao ilifika Marekani mwaka 2014, wakimbizi kama sisi. Patrick alitoka nje ya gari. Polisi akamwambia arudi ndani, akamuuliza kama anajua Kiingereza, akamwomba leseni. Patrick akasema maneno na abiria wake, kisha akaanza kuondoka. Wakashikana, wakakimbizana, wakaanguka kwenye majani mbele ya nyumba ya watu. Schurr alifyatua Taser, ile bunduki ya umeme, mara mbili bila kumpata, kisha wakawa wanaing'ang'ania wote wawili. Mwisho Patrick alikuwa kifudifudi, polisi yuko juu yake, na risasi moja ikaingia kisogoni.

Namba za gari ndizo zilizoanzisha yote hayo.

Mzee Peter Lyoya, baba yake, alipozungumza na waandishi alizungumza Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Nakumbuka nilikuwa naosha vyombo, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, tumekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na tangu nifike nchi hii sikuwahi kusikia Kiswahili chetu kwenye taarifa ya habari ya Marekani. Siku niliyokisikia, kilikuwa cha mzazi anayelia. Nilifunga bomba la maji nikasimama pale pale na povu mikononi mpaka alipomaliza.

Sasa, mnunuzi wa kamera ajifunze hivi kutoka siku ile. Zilikuwepo kamera nne. Ya gari la polisi, ya kifuani mwa polisi, ya nyumba moja jirani, na simu ya yule abiria. Ya kifuani ilizimika katikati ya purukushani. Mkuu wa polisi, Eric Winstrom, alieleza kwamba kitufe chake kilibanwa wakati wakipambana. Ya gari la polisi ilikuwa inatazama mbele tu. Aliyetuonyesha risasi ni abiria, kwa simu ya mkononi, amesimama hatua chache kutoka pale. Video zote zilitolewa hadharani 13 Aprili, siku tisa baadaye.

Kwa hiyo nilipokwenda dukani nilijua ninachotaka kabla muuzaji hajafungua mdomo. Kijana wa pale alinionyesha ile ya kuangalia mbele na nyuma, akasema ndiyo inayouzwa sana, ukigongwa kwa nyuma unayo picha. Nikamwambia mimi nataka inayoangalia ndani. Akauliza kama nafanya teksi. Nikasema hapana, nataka ione dirisha la dereva. Alinyamaza kidogo, akanitazama, akaenda kuileta bila kuuliza tena.

Ni kamera moja yenye macho mawili: moja linatazama barabara, jingine linatazama ndani ya gari. Lile la ndani lina taa ndogo za infraredi ambazo jicho la mtu halizioni, kwa hiyo hata gizani linachukua picha, ingawa inatoka nyeusi na nyeupe. Hili ndilo jambo bora kuliko yote katika chombo hiki, na kama una haraka ya kusoma, chukua hili tu: kamera ya mbele peke yake haikusaidii ukisimamishwa. Polisi haji mbele ya gari lako. Anakuja dirishani. Kamera ya mbele itakupa dakika kumi za barabara tupu na sauti za watu wasioonekana.

Nilimlipa fundi dola 60 anifungie kwa waya kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, maana waya wa tundu la kuwashia sigara unaning'inia mbele ya redio na mwanangu angeuchomoa kuchaji simu. Kuna kifaa kidogo cha ziada kinachokata umeme betri ya gari ikishuka, kusudi asubuhi usikute gari limekufa. Usikubali kufungiwa bila hicho. Aliibandika nyuma ya kioo cha kati, upande wa abiria, isimzibe dereva macho.

Baada ya hapo tulifanya jaribio uwanjani nyumbani. Mume wangu alisimama dirishani kama polisi, mimi nikakaa kwenye usukani, kijana wetu akaangalia kwenye simu yake. Tuliona kifua cha mume wangu, mikono yake, mkanda wake, lakini kichwa kilikatwa na paa la gari. Tukaisogeza kamera vidole viwili kushoto na kuiinamisha kidogo. Tukapata kidevu na mdomo. Uso mzima hatukuupata hata tulipofanyaje, labda polisi awe mfupi au ainame. Mikono ilionekana vizuri, na kwangu mikono ndiyo muhimu, ya kwake na ya mwanangu.

Picha ya mchana haina neno. Unasoma namba za gari lililo mbele yako bila shida mkiwa mmesimama kwenye taa. Usiku ni jambo jingine: namba zikipigwa na mwanga wa taa zako zinageuka ubao mweupe. Taa za gari la polisi zikiwaka nyuma yako, picha nzima ya ndani inapiga nyekundu na buluu, na kila zinapopiga unapoteza sura za watu kwa kitambo kidogo. Nimeuliza watu wenye kamera za dola 300 wakasema zao ni bora kidogo lakini tatizo hilo wanalo pia.

Sauti ndiyo iliyonipa mawazo zaidi. Dirisha likiwa wazi lote unasikia kila neno la aliye nje. Likiwa wazi nusu, unasikia la dereva tu. Na feni ya joto ikiwa namba tatu au nne, kama tunavyoiweka Januari, husikii chochote isipokuwa upepo. Nimemfundisha mwanangu: ukiona taa za bluu, kabla hujasimama punguza feni, shusha dirisha lote, kisha mikono kwenye usukani usiitoe. Msiseme sauti ni jambo dogo. Chicago, 20 Oktoba 2014, kijana Laquan McDonald, miaka 17 kama wangu, alipigwa risasi 16 na polisi Jason Van Dyke. Magari ya polisi yaliyokuwepo yalikuwa na kamera, lakini sauti haikupatikana. Polisi walisema aliwajia na kisu. Picha, iliyofichwa miezi 13 mpaka mahakama ikaamuru itolewe, ilionyesha kijana anayetembea akijitenga nao. Tuna picha ile, tunajua alivyoanguka, na mpaka leo hakuna rekodi ya alichosema wala alichoambiwa. Mzazi angetaka kusikia.

Hapa kwenye sauti kuna kasoro iliyoniumiza. Kamera inarekodi vipande vya dakika tatu tatu, na kadi ikijaa inafuta vya zamani. Ukitaka kipande kisifutwe, unabonyeza kitufe. Lakini kitufe kiko juu, karibu na kioo cha kati. Nani atainua mkono kwenda juu wakati polisi amesimama dirishani na tochi? Philando Castile alisimamishwa Falcon Heights, Minnesota, 6 Julai 2016. Alimwambia polisi kwa heshima kwamba ana silaha, na kibali alikuwa nacho. Polisi akamwambia asiitoe, Philando akajibu kwamba haitoi, na hapo hapo risasi saba zikafyatuliwa, mchumba wake akiwa kiti cha pembeni na mtoto wa miaka minne nyuma. Juni 2017 polisi yule aliachiwa huru. Mimi mtoto wangu sitamfundisha kubonyeza kitufe.

Watengenezaji wameweka njia ya pili: unasema amri kwa mdomo, kamera inafunga kipande. Wazo zuri sana. Ila amri ni ya Kiingereza peke yake, na kamera haisikii Kiingereza changu. Nilijaribu mara kumi nikiwa nimeegesha gari, hakuna kelele, natamka polepole. Ilinielewa mara tatu. Mwanangu, aliyekuja hapa akiwa mdogo na kusoma shule za hapa, alisema mara kumi ikamwelewa mara kumi. Dada mmoja wa kanisani aliyenunua kama yangu ameacha kujaribu. Niliketi ndani ya gari lile nikawaza ile sauti ya asubuhi ya 4 Aprili, polisi anamuuliza Patrick kama anajua Kiingereza. Chombo nilichokinunua ili kiwe shahidi wangu nacho kinaniuliza swali hilo hilo.

Watengenezaji mnaouza bidhaa hii Michigan, Ohio, Kentucky, Texas: sisi tunaozungumza Kiswahili tupo huku kwa maelfu, tunaendesha magari, tunalipa pesa sawa na wengine. Wekeni lugha yetu, au wekeni kitufe kidogo cha kubandika kwenye usukani. Kuna kampuni nyingine wanacho.

Kuhusu kadi ya kumbukumbu: iliyokuja kwenye boksi ni GB 64 na inajaa baada ya saa tano hivi za kuendesha, macho yote mawili yakirekodi. Nikanunua ya GB 128, dola 22, ile inayoandikwa kwamba ni ya kamera za kurekodi muda wote, maana za kawaida zinachoka upesi. Halafu kuna kihisi cha mtikisiko kinachofunga vipande chenyewe ukigongwa. Mashimo ya barabara zetu baada ya theluji yalikifanya kidhani nimepata ajali kila siku. Kadi ikajaa vipande vilivyofungwa na kamera ikaacha kurekodi bila kunipigia kelele yoyote. Nilikaa siku mbili nikiamini inafanya kazi. Shusheni kihisi kiwe cha chini kabisa.

Na baridi. Kamera hii inatumia betri ndogo ndani yake badala ya kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachostahimili baridi na joto kuliko betri. Asubuhi moja ya Desemba mpira ulioishikilia kwenye kioo uliachia, nikaikuta chini ya kiti, imekufa. Ilipowaka, tarehe ilikuwa 1 Januari 2020, na iliendelea kuandika hivyo kwenye kila picha mpaka nilipogundua jioni. Fikiri wewe, uende mahakamani na video yenye tarehe ya karibu miaka sita nyuma. Wakili wa upande wa pili hatahitaji kusema zaidi ya hapo. Sasa kila Jumapili kabla ya ibada naangalia tarehe na saa, na Novemba saa za nchi hii ziliporudishwa nyuma saa moja, kama kila mwaka, niliibadilisha mwenyewe. Mkinunua, ulizeni ile ya kapasita. Na badala ya mpira wa kunata tumieni utepe wenye gundi pande mbili, unastahimili.

Kama ni nyota, naipa tatu kati ya tano. Jicho la ndani peke yake lina thamani ya nyota hizo zote.

Kazini kwetu, kiwanda cha viti vya ofisi, nina mwenzangu mzungu tunayesimama meza moja. Ni mtu mwema. Mume wangu alipolazwa ndiye aliyenichukulia zamu. Shemeji yake ni polisi. Alipojua nimenunua kamera alisema maneno ambayo sijayasahau: kamera haioni hofu. Akasema unapoangalia video umekaa kwenye kochi, unajua mwisho wake, na unaweza kuirudisha nyuma. Polisi ana sekunde, na hajui mwisho. Ndicho alichosema Schurr pia, alipopanda kizimbani mwenyewe: kwamba alihofia maisha yake kwa sababu Taser ilikuwa mkononi mwa Patrick. Mwendesha mashtaka Chris Becker alikuwa amemshtaki kwa mauaji ya daraja la pili, yaani kuua bila kupanga mapema, Juni 2022. Baraza la raia waliosikiliza kesi waliona video zile zile nilizoziona mimi, mara nyingi kuliko mimi, na 8 Mei 2025 wakashindwa kukubaliana. Wiki mbili baadaye Becker akatangaza kwamba hatairudia kesi.

Nimelibeba neno la mwenzangu kwa uzito, kwa sababu lina ukweli. Sheria yenyewe imejengwa juu yake: Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1989 ilisema nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya polisi mwenye akili timamu aliyekuwa pale pale, si kwa macho ya mtu anayetazama baadaye. Lakini nilimjibu hivi: na hofu yangu inapimwa kwa macho ya nani? Mtu mweusi anayeambiwa asimame usiku naye ana sekunde, naye hajui mwisho, na yeye hana wa kusimama kizimbani kumwelezea, hasa akiwa amekufa. Patrick naye alikuwa na hofu ndani yake siku ile na hakuna sheria iliyouliza ilikuwa ya namna gani. Ndiyo, alikuwa amekunywa, vipimo vilionyesha hivyo. Ndiyo, alikimbia. Mahakama hiyo hiyo ilisema mwaka 1985 kwamba kukimbia peke yake hakumpi polisi ruhusa ya kuua.

Mwenzangu alinitajia utafiti wa Roland Fryer, profesa mweusi wa uchumi wa Harvard, wa mwaka 2016, ambao haukuona tofauti ya rangi katika risasi za polisi wa Houston. Nikamwomba mwanangu anisomee. Ni kweli alisema hivyo. Lakini ukurasa huo huo unasema katika kushikwa, kusukumwa ukutani, kufungwa pingu, mtu mweusi anayapata zaidi ya mzungu kwa asilimia 50 na zaidi. Na gazeti la Washington Post, lililohesabu vifo hivi kuanzia 2015, lilikuta polisi wanaua kwa risasi watu wapatao 1,000 kila mwaka nchi nzima, na ukilinganisha na wingi wa watu, weusi wanauawa kwa kiwango kinachopita mara mbili ya wazungu. Wasomi wabishane ni kwa nini. Mimi nina mtoto mmoja mwenye leseni na wengine wawili wanaokuja nyuma yake, na kubishana kwao kunanikuta nikiwa nimeshika funguo mkononi kila saa tatu usiku.

Kwa nani kamera hii inafaa? Kwa mama mwenye kijana anayeanza kuendesha, ndiyo. Kwa wanaoendesha teksi za simu, ndiyo, na wao nadhani wataifurahia kuliko mimi. Kwa anayetegemea simu yake badala ya kamera, akumbuke kwamba tangu 30 Juni 2023 Michigan imekataza dereva kushika simu mkononi, na mkono unaotafuta simu ni mkono usioonekana. Lakini mtu asinunue akidhani itamfuata akitolewa nje ya gari. Patrick aliuawa majanini, mbali na usukani. Kamera yangu ingebaki inarekodi kiti kitupu na mlango ulioachwa wazi. Kwa hilo hakuna bidhaa ya kununua dukani. Panahitajika mtu mwingine mwenye simu, amesimama, hakimbii. Walter Scott, North Charleston, 2015, tarehe ile ile ya 4 Aprili, alisimamishwa kwa taa ya breki. Kamera ya gari la polisi iliona mwanzo, mazungumzo ya leseni na bima, kisha akakimbia akatoka kwenye picha. Aliyeona risasi za mgongoni ni mpita njia aliyekuwa anakwenda kazini, na bila simu yake polisi yule asingefungwa miaka 20.

Nimalizie na usiku tulioitumia kweli. Ilikuwa Oktoba, saa tano na nusu, kwenye mji mmoja jirani ambao sitautaja, tukirudi kutoka kwa shangazi yake. Mwanangu alikuwa anaendesha, mimi kiti cha pembeni. Taa ndogo inayomulika namba za gari ilikuwa imeungua na hatukujua. Taa za bluu zikawaka nyuma.

Alifanya kila kitu tulichofundishana. Feni, dirisha, mikono. Polisi alikuwa kijana, mstaarabu, alisalimia. Aliomba leseni, mwanangu akasema bwana, leseni iko mfuko wa nyuma wa kulia, naweza kuitoa? Akaambiwa itoe polepole. Yote yalichukua dakika nne, tukapewa onyo la mdomo, tukaenda zetu. Mimi nilikumbuka kwamba nilikaa kimya.

Kesho yake niliiangalia video jikoni. Sikukaa kimya. Mikono yangu iko juu ya dashibodi, vidole vimetanuliwa, na hakuna aliyeniambia niiweke hapo. Midomo yangu inacheza, na ukiongeza sauti unasikia: Yesu, mtoto wangu, Yesu, mtoto wangu, bila kupumzika. Polisi anainama, hapo ndipo uso wake unaonekana mzima kwa mara ya kwanza, anamuuliza mwanangu mama yako anasema nini. Na mwanangu, macho mbele, anamjibu: anasali, bwana.

Hapo kipande cha kwanza kinaishia, maana dakika tatu zimetimia. Kipande cha pili kinaanza baada ya sekunde mbili. Nimeulinganisha muda wa vipande vingi na ndivyo kamera hii ilivyo: kila dakika tatu inapoteza sekunde mbili ikifunga faili moja na kufungua jingine. Boksi halisemi. Niliiandikia kampuni, wakanijibu kwamba ni kawaida kwa bidhaa za bei hii.

Mwisho wa kipande cha kwanza, mkono wa kulia wa polisi uko kwenye mkanda, juu ya bastola. Mwanzo wa kipande cha pili mkono huo uko juu, umeshika paa la gari letu, na ile tochi imeshushwa chini. Kilichopita katikati tunakijua watu watatu.